Kipimo cha Suruali ya Maganga

Vijana wangu wa Cheyo, siku ile mnaniaga mlinibana, "Bi Pili, tuandikie." Nikawaambia mie si mtu wa kuandika, mie ni mtu wa kusema. Mkanijibu, basi sema kwenye karatasi. Haya, nasema. Ya kupandishwa daraja na barua za mihuri siyagusi, yamo kwenye faili na yanatosha kumpa mtu usingizi. Nitaandika yasiyomo kwenye faili, hasa lile nililoliharibu kwa mdomo wangu mwenyewe, nusura mtu afe.

Mie Mzaramo wa Kisarawe, mnajua. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa reli, akahamishiwa Tabora nikamfuata, tukapanga Gongoni. Nilikuwa na cheti changu cha uuguzi msaidizi na mdomo usiotulia. Nikasikia kuna nyumba imefunguliwa Cheyo ya kuwatunza watu wazima wanaolala nje, wale waliougua akili na juu yake wakashikwa na gongo au bangi. Wanaokotwa stendi, sokoni, stesheni, wanaletwa pale kuishi, wanatibiwa, wanajifunza upya kulala kitandani na kuamka na kazi ya kufanya. Jirani yangu mmoja aliniambia, "Utapigwa na vichaa, Pili." Nikamwambia nimeshaishi na mama mkwe miaka minne, sina ninachoogopa.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Mihayo, muuguzi wa magonjwa ya akili. Mnyamwezi mfupi, suruali ameifunga mkanda karibu na kifua, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Hakunionyesha ofisi. Alinipa kigoda akasema, "Kaa karibu na mlango, lakini usiuzibe. Hawa wakiona njia ya kutokea iko wazi, wanatulia." Nikakaa pale asubuhi nzima nikiwatazama wanavyokula, nani anaficha mkate, nani anaongea na ukuta. Saa sita akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia. Akasema, "Umeona nusu. Kesho kaa tena."

Nilikaa kigodani wiki moja. Ndipo akaanza kunipa vifaa. Visu vya jikoni vilikuwa vinne, vinahesabiwa asubuhi na jioni, na ukikosekana kimoja hakuna anayekwenda nyumbani. Kidonge hakimezwi kwa heshima ya mgonjwa, kinamezwa mbele yako: maji, meza, fungua mdomo, nyanyua ulimi. Na juu ya yote, daftari la zamu na fomu ya mgonjwa. "Soma kabla hujamwamkia mtu," alikuwa akisema. "Ukimwamkia kwanza, umeshaingia nyumba usiyoijua."

Sasa, mimi na yeye tulikuwa watani. Mnajua utani wetu na Wanyamwezi ni wa zamani, tangu mababu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, wanalala kwetu, wanaumwa kwetu, wanazikwa na sisi. Nje ya geti tulikuwa tunashambuliana vizuri tu. Nikimkuta kwenye kibanda cha chai nilimwambia ameshazeeka, anatutia hasara, afe tule wali. Yeye ananiambia Wazaramo hatujui jembe, tunajua ngoma tu. Watu wanacheka, tunalipiana chai. Lakini akivuka geti uso unabadilika. "Humu ndani hapana," aliniambia. "Mgonjwa hataniwi mpaka akutanie yeye kwanza. Mtani anacheka kwa sababu anajua unamtania. Wengine humu bado hawajui lipi ni utani na lipi ni kweli."

Nilimwelewa. Nilitii kwa miaka. Msinione mjinga kwa haya yanayokuja, niliijua sheria kabisa.

Maganga aliletwa siku ya Jumatatu na afisa ustawi wa jamii. Alikuwa akilala nyuma ya godauni la stesheni. Mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, jamani, mrefu mpaka aliinama mlangoni, na kiunoni hana kitu ila gunia la salfeti amelifunga kwa kamba. Mzee Mihayo alikuwa amekwenda hospitali kuchukua dawa. Afisa alikuwa na haraka, akaniachia fomu ya kurasa tano, akaondoka. Nikaiweka mezani nikalaza funguo juu yake. Nilisema nitaisoma akishaoga.

Akaoga. Akala ugali na maharage, akaongeza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akasema ahsante. Mtu mpole. Nikafurahi mno, na hapo ndipo nilipojisahau. Kwenye sanduku la nguo za msaada hapakuwa na suruali ya kumfika hata kwenye muundi, kwa hiyo nikachukua futi ya fundi cherehani nimpime, nimpelekee fundi wangu Gongoni.

"Kwenu wapi, baba?"

"Tura."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

Ulimi ukaniwasha. "Kumbe mtani! Nyoosha mguu huo. Loh, urefu wote huu, shimo lako sisi tutachimba wiki nzima! Ngoja nikuchukue kipimo kabisa, tusije tukakukunja."

Wenzake waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliitazama futi kuanzia kiunoni mwake mpaka kisiginoni.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Arobaini na nne."

"Arobaini na nne," akasema polepole, kama mtu anayeshika namba ya simu. Akaenda kukaa pembeni. Na mie, badala ya kushtuka, nikaandika kipimo kwenye karatasi nikampigia fundi simu.

Asubuhi yake kwenye uji kikombe kimoja kilibaki mezani kimejaa. Nikamwita chumbani, kimya. Nikaenda chooni, bustanini, nyuma ya banda la kuku. Nyuma pale waya wa uzio ulikuwa umekunjwa chini, na jembe letu halipo. Mzee Mihayo alikuwa ameshafika. Hakuuliza maswali mengi.

"Fomu yake uliisoma?"

Nikageuka kutazama meza. Akasogeza funguo zangu, akafungua ukurasa wa tatu, akanisomea bila kupaza sauti. Mgonjwa anasikia sauti zinazomwambia kuwa kaburi lake liko tayari kwao, kando ya baba yake, na anasubiri mtu wa kuja kumpima.

Nikakaa chini kwenye sakafu kama mtoto. Nikamweleza nilichosema, neno kwa neno, na kicheko cha wenzake, na ile arobaini na nne. Wallahi nilitaka anipige. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Basi aliyempima ni wewe," akasema. "Vaa viatu."

Siku mbili tulimtafuta. Stendi, sokoni, kilabu cha gongo kimoja baada ya kingine, wodini, mpaka chumba cha maiti, ambako niliingia mwenyewe kwa sababu nilitaka niwe wa kwanza kuona nilichokifanya. Hakuwepo. Mlinzi mmoja wa stesheni akatuambia alimwona mtu mrefu mwenye jembe akidandia behewa la mizigo linalokwenda mashariki. Mashariki ndiko Tura. Tukaipiga simu ya mwenyekiti wa kitongoji chao, haipatikani. Tukaipiga tena na tena. Sikula siku hizo mbili, na Mzee Mihayo hakuniambia nile.

Asubuhi ya siku ya tatu mwenyekiti akapiga mwenyewe. Maganga yuko kwao. Amechimba shimo kando ya kaburi la baba yake, ameingia ndani na jembe, hatoki. Hajanywa maji tangu jana. Akisogea mtu anainua jembe. Kaka yake ameshawaita mgambo, wana kamba, wanasema saa saba wakiona bado watamvamia na kumfunga kwenye gogo kama walivyomfunga zamani.

"Waambie wasubiri," Mzee Mihayo akasema kwenye simu. "Nakuomba, mwenyekiti. Wasimshike." Kisha akanigeukia. "Suruali yake imekwisha?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Fundi alisema leo."

"Pitia uichukue."

Basi la kwenda Itigi lilituacha Tura karibu saa sita. Njia nzima Mzee Mihayo alisema maneno machache tu. Nisimbishie. Nisimwambie sauti hazipo, kwake zipo. Niseme na Maganga, nisiseme na sauti. Tukapanda bodaboda mbili, mchanga ukitutupa huku na huku, suruali ya kaki nimeikumbatia kwenye mfuko wa plastiki.

Tulikuta watu wamejipanga mbali, kwenye mabua ya mahindi. Mgambo wanne wamekaa kivulini na kamba. Mama yake, Bibi Nyamizi, mama wa Kimoravian aliyekauka kama kuni, alikuwa amekaa chini hatua kumi kutoka kwenye shimo, na mbele yake kibuyu cha maji. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

Ningeweza kusema muuguzi. "Mimi ndiye niliyempima," nikamwambia.

Alinitazama sana. Sikuwahi kutazamwa hivyo kabla ya pale wala baada ya pale. Kisha akanisogezea kibuyu.

Mzee Mihayo alisogea kwanza, taratibu, mikono wazi. Akamwamkia kwa Kinyamwezi. Jembe likainuka. Akasimama. Akajaribu tena, akataja jina lake, akataja la baba yake. Jembe likabaki juu, na mikono iliyolishika ilikuwa inatetemeka kwa kiu. Nyuma yetu nikasikia kaka yake anawaambia mgambo, "Mnaona? Hawa nao hawawezi. Inukeni." Wakainuka. Mmoja akaanza kuikunjua kamba.

Hapa, vijana wangu, msiniige. Nilichofanya hakimo kwenye mafunzo yoyote, na Mzee Mihayo alinikemea kwa hilo mpaka alipostaafu. Lakini nilikuwa nimeshaona watani wanavyofanya misibani, nimeshafanya mwenyewe Kisarawe, kwa hiyo miguu ilikwenda kabla kichwa hakijakataa. Nikafunga kanga kiunoni, mfuko wa suruali kwapani, nikapita mbele.

"We Pili!" Mzee Mihayo akaita kwa sauti ya chini.

Nikafika ukingoni, nikakaa, nikajitupa shimoni. Lilikuwa la kunifika kifuani, na jembamba, mtu mwenye mwili wangu na mtu mwenye urefu wake hatuenei humo bila kugusana. Jembe lilikuwa juu ya kichwa changu. Nililiona bapa lake limeng'aa kwa mchanga. Nikajilaza chini kabisa, chali, kwenye udongo.

"Mtani hajapewa chake," nikasema. "Hazikwi mtu hapa. Sitoki."

Nje nikasikia wanawake wameanza kunong'ona. Desturi wanaijua. Mtani akiingia kaburini hakuna wa kumtoa kwa nguvu, hata mgambo, hata mchungaji, mpaka wenye msiba wampe kitu.

"Toka," Maganga akasema. Sauti imekauka, inakwaruza. "Unachelewesha."

"Nachelewesha, ndiyo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nipe changu."

"Sina kitu."

"Unalo jembe."

Akalitazama kama mtu aliyelisahau mkononi. Nilihesabu pumzi zangu. Nilifika tisa. Kisha akalishusha, akanilazia kifuani, kwa adabu kabisa, kama mfiwa anavyompa mtani wake. Nikalirusha nje haraka kabla hajabadili mawazo, na nikasikia mtu amelidaka.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Alikaa chini, magoti yamenigusa mbavu, akafumba macho. "Sasa toka," akasema. "Umepewa."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimelipwa, desturi imekwisha, na mie nimebaki mikono mitupu mbele ya mtu anayengoja kufa. Sikuwa na utani mwingine. Nikajikuta nalia.

"Maganga, nilikosea," nikamwambia. "Naomba unisamehe. Nilikutania na sikuwa nimekujua. Kile kipimo hakikuwa cha hapa."

Akafumbua macho. Mtani haombi radhi, kila mtu anajua hilo kuanzia mtoto. Nadhani ndilo lililomgusa, sijui, sikuwahi kumuuliza.

"Kilikuwa cha nini?"

"Cha suruali." Nikaupapasa mfuko chini ya mgongo wangu, nikaitoa. Imejikunja, imeshika udongo. Nikaikunjua mbele yake. "Arobaini na nne. Ndiyo hii. Fundi amemaliza leo."

Akaishika pindo, akaivuta, akaipima na mguu wake pale pale alipokaa. Ilimfika kisiginoni. Akaipima tena. Hakuna aliyesogea huko juu. Mzee Mihayo alikuwa amesimama mbele ya mgambo amenyoosha mikono miwili, hayo niliambiwa baadaye, mie niliona kiatu chake tu.

"Ni ya kwangu?"

"Kuna mwingine mrefu hivi Tabora?"

Akaivaa. Ndani ya shimo lile, mtu anajibanza, anajikwaa juu yangu, ananikanyaga mguu, anavaa suruali. Alipomaliza kufunga kifungo nikamwambia mie sasa nataka kutoka na siwezi, hili shimo limenizidi. Na ilikuwa kweli, si ujanja, nilijaribu mara mbili nikateleza. Akaunganisha viganja vyake, nikakanyaga, akaniinua kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi, na wanawake wakanivuta kwa kwapa mpaka kanga ikabaki nyuma. Nikageuka.

Alikuwa amesimama kule chini, anatutazama.

"Na mimi?" akasema.

Bibi Nyamizi ndiye aliyefika wa kwanza. Alilala kifudifudi akampa mkono, ule mkono mkavu, na kaka yake akaitupa kamba akaja kushika mwingine. Akanywa kibuyu chote. Akatapika, akanywa tena. Mama yake akamtoa mchanga masikioni kwa ncha ya kitenge, na mie nikaenda kukaa nyuma ya mabua nikatetemeka kwa raha yangu.

Shimo walilifukia wanawake jioni ile ile. Sisi tulirudi naye Tabora, katikati yetu kwenye siti ya basi, kichwa chake kimemwangukia Mzee Mihayo begani.

Nisiwadanganye kwamba alipona akaishi kwa furaha. Ilichukua miezi kupata dawa inayomfaa, mwishowe ikawa ile sindano ya kila mwezi. Mara mbili alirudia gongo, na mara zote mbili alirudi mwenyewe, akakaa nje ya geti mpaka mtu alipomwona. Alijifunza kutengeneza mizinga ya nyuki, na asali mnayokula kwenye uji ni ya kwake. Wengine niliowahudumia hawakurudi getini. Mmoja nilimpenda kama mdogo wangu, na tulimzika. Hayo nitawaambia kwa mdomo, siyawezi kwa kalamu.

Mie sikumtania Maganga tena. Mzee Mihayo alistaafu akaniachia kigoda na sheria yake, na nikaishika hiyo sheria kama dawa. Futi ile niliifungia kwenye droo. Wageni wakija nilimwomba mwenzangu awapime. Miaka minane nilimwamkia Maganga, "Habari za asubuhi," naye ananijibu, "Nzuri, Bi Pili." Alikuwa na heshima, na heshima ile ilikuwa inanichoma. Kila nilipomwona anacheka na wengine nilijiuliza kama bado ananiona pale barazani na futi mkononi. Nilistahili, lakini iliniuma.

Siku mliyoniaga mlikuwepo wote, lakini kuna jambo hamkuelewa, ndiyo maana naliandika. Hotuba zimekwisha, mmenipa kitenge, soda zimegawiwa. Maganga akainuka kutoka nyuma. Mlinyamaza kwa sababu si mtu wa kusimama mbele za watu. Mie nilinyamaza kwa sababu niliona kilichokuwa mkononi mwake. Nilikuwa nimekabidhi funguo za droo asubuhi ile.

"Bi Pili, simama," akasema.

Nikasimama. Akainama, akaiweka ncha ya futi kwenye kisigino changu, akaivuta polepole mpaka utosini. Akaitazama. Kisha akanizungushia kiunoni, ikafika mwisho, haikuzunguka yote.

"Wazaramo mna hasara," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Urefu hakuna, lakini upana huu, mtani wangu, Wanyamwezi tutachimba mwezi mzima!"

Ninyi mkacheka. Mlidhani nalia kwa sababu naondoka.

"Basi sitoki hapa mpaka nipewe changu," nikamjibu.

Akaikunja ile futi vizuri, duara juu ya duara, akaniwekea kiganjani.